Majini, Mapenzi na Vitabu: Kwa Nini Tusome Hadithi za Ajabu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Ngarambe, mbele ya walimu, wazee na wanafunzi wa sasa.)



Katibu aliponiandikia barua ya kunitaka niseme maneno machache leo, alinipa hiari ya kuchagua mada. Nadhani alitegemea nizungumzie nidhamu, au kilimo bora, au faida ya kulipa ada ya chama mapema. Mambo hayo ni mema, na wapo humu wanaoweza kuyasema vizuri kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo ambalo halijapata kusemwa katika mkutano huu, nalo ni kusoma hadithi za ajabu: hadithi za majini, za miji iliyogeuka mawe, za wafalme wa nchi zisizokuwapo katika ramani, na hasa zile ambazo, kando ya maajabu hayo, yupo kijana na yupo binti, na baina yao limeingia pendo. Naona vijana wameanza kucheka. Chekeni, hakuna ubaya. Hata mimi nilipokuwa na umri wenu nilisoma kurasa hizo kwanza, ndipo nikarudi mwanzo wa kitabu.

Ndugu zangu, sisi wa huku Rufiji hatukufundishwa hadithi na shule. Shule ilitukuta nazo. Wengi wenu mnajua dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachojenga shambani wakati wa kulinda mpunga. Mtoto aliyelala dunguni na bibi yake, nguruwe wakikoroma gizani, na mto ukisikika kwa mbali, hakuhitaji kuambiwa kuwa dunia ina mambo. Bibi akianza habari za zimwi na mwanamwali aliyekataa kila mchumba, usingizi uliruka. Yule mwanamwali alipochukuliwa na kijana mzuri asiyejulikana kwao, tulijua kabisa kuwa kijana yule ni zimwi, tena tulitaka kupiga kelele kumwonya. Hapo ndipo nilipojifunza kwa mara ya kwanza kumhurumia mtu ambaye hajapata kuwapo.

Nilipojua kusoma, nilikiona kitabu kama dungu jingine. Kilichonifungulia mlango ni Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Wazee wenzangu wanakikumbuka. Vijana, kama hamjakisoma, kisa chake ni hiki kwa ufupi. Yuko gavana mwema aitwaye Adili, naye kila usiku huwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha huwalisha na kulia juu yao. Mfalme wake, Rai wa nchi ya Ughaibu, anapata habari na kutaka sababu. Sababu ni kwamba manyani wale ni ndugu zake wa kuzaliwa, Hasidi na Mwivu. Adili katika safari zake alifika katika mji ambao watu wake wote walikuwa wamegeuka mawe, akamkuta humo mtu mmoja tu aliye hai, binti mmoja jina lake Mwelekevu. Wakapendana, wakaafikiana kuoana. Nduguze wakaona wivu, wakamtosa Adili baharini. Jini aitwaye Huria, ambaye Adili alipata kumwokoa hatarini bila kujua kuwa ni jini, akaja kumwokoa naye, na kwa hasira akawageuza wale wawili manyani, akamwamuru Adili awaadhibu kila usiku.

Nilikisoma kitabu kile kwa kibatari mpaka pua ikawa nyeusi kwa moshi. Baadaye nilikwenda nacho katika shule moja ya bweni, ambayo sitaitaja, na mwalimu mmoja, ambaye naye sitamtaja, alinikuta ninakisoma wakati wa masomo ya jioni. Alikifungua, akaona majini, akaona mapenzi, akaniuliza mbele ya darasa zima: "Wewe unataka kuwa nani, mganga au mhuni?" Kitabu kikaenda na hakikurudi. Nilichapwa, lakini kuchapwa si neno; tulichapwa kwa mengi. Neno ni kwamba nilimwamini. Tangu siku ile nilisoma vitabu vya mtihani tu, nikajiona nimekuwa mtu mzima. Kosa hilo lilinigharimu, kama mtakavyosikia mbele.

Sasa nijibu swali la mwalimu yule, kwa kuwa siku ile sikuwa na jibu. Lilikuwa na sehemu mbili. Nianze na mapenzi: je, yanafanya nini ndani ya hadithi ya majini?

Jibu langu ni kwamba maajabu peke yake huchosha. Mji wa mawe ni kitu cha kutazama. Lakini mji wa mawe wenye msichana mmoja anayetembea peke yake kati ya sanamu za watu wake ni kitu cha kuumiza moyo. Mpaka Adili ampende Mwelekevu, hatujui atapoteza nini akitoswa baharini. Pendo ndilo mizani. Hutupimia wema wa mwema na ubaya wa mbaya. Hasidi na Mwivu wangeweza kumwonea nduguye wivu wa mali tu, nasi tungewasahau. Lakini walipotaka kumwangamiza kwa sababu ya furaha yake, tuliwatambua, maana kila mmoja wetu amepata kumwona mtu wa namna hiyo, na wengine tumepata kumwona katika kioo.

Tazameni pia utendi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya zamani sana ya mwambao. Liyongo alikuwa shujaa ambaye silaha haikumdhuru, isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Mfalme wa Pate alimwogopa. Alimpataje? Hakupeleka jeshi. Alimwita mtoto wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi cheo na binti yake amwoze. Kijana akaenda kumdadisi baba yake siri ya kifo chake, akaipata, kisha akamchoma akiwa usingizini. Liyongo akaamka, akashika uta wake, akaenda kupiga goti karibu na kisima, akafa vivyo hivyo, na watu wa mji wakakaa siku kadhaa bila kuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Kijana yule hakuufaidi utamu wa ahadi. Basi, ndugu zangu, ahadi ya harusi katika utendi ule ni beti chache tu, lakini pasipo beti hizo hakuna msiba. Kila kijana anayeambiwa "fanya hivi nawe utapata mke" angefaa ausome.

Na pendo la pembeni hufichua siri nyingine: hutuonyesha moyo wa mwandishi. Wengi wa rika langu na walionitangulia walisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, aliyoifasiri Frederick Johnson kwa Kiswahili mwaka 1929 kutoka kitabu cha Mwingereza H. Rider Haggard cha mwaka 1885. Ni kitabu cha kusisimua, sikatai. Lakini katika kitabu hicho cha asili yumo msichana Mwafrika, Foulata, anayempenda afisa mmoja wa Kizungu aliyemwokoa. Binti ni mwema, ni jasiri, tena anapendwa. Mwandishi anafanya nini? Anamuua. Na msimulizi wake anaona kuwa afadhali imekuwa hivyo, maana ndoa ile ingeleta matatizo. Nilipokuwa mtoto nilimlilia Foulata. Nilipokuwa mkubwa nilielewa ni nani hasa aliyemuua, na kwa nini. Kitabu kizima cha siasa kisingenifundisha dhana za ukoloni waziwazi kama kifo cha msichana yule mmoja.

Nije kwenye sehemu ya pili ya swali, ambayo ni nzito zaidi. Mwalimu yule alidhani kuwa mtu anayesoma habari za majini ataishia kuwa mganga, yaani atashindwa kutenga kweli na uongo. Swali hili linastahili kujibiwa hapa Ngarambe kuliko mahali pengine popote Tanzania, na wazee waliopo wanajua sababu.

Mwaka 1904 alikuwapo hapa mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale. Masimulizi yaliyokusanywa kwa wazee wa nchi hizi miaka ya 1967 na 1968 yanasema kuwa alipagawa na pepo aitwaye Hongo, akavutwa mpaka ndani ya maji, akazama. Jamaa zake wakakaa kumngoja. Na siku ya pili akatoka majini na nguo zake kavu. Akatoa dawa ya maji, ikanenwa kuwa itazigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu walimiminika Ngarambe kwa makundi. Walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na mashamba ya pamba ya lazima. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, huko Umatumbi, waling'oa miche ya pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Mwezi uliofuata Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani kule Mohoro. Vita vilikwisha mwaka 1907, na kwa sababu ya risasi na zaidi kwa sababu ya njaa, makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika karibu 300,000.

Sisemi neno hili kwa kuwadharau babu zetu. La hasha. Maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao kabla yake hawakuwa na neno moja, na hilo silo jambo dogo. Ndiyo maana tunawaheshimu. Ninachosema ni kwamba hapa hapa, juu ya ardhi hii, tunajua vizuri kuliko wengine kuwa jambo la ajabu likisadikiwa lina nguvu ya kujenga na nguvu ya kuua. Basi tuwafundishe vijana nini? Tuwakataze kusikia maajabu? Haiwezekani, watayasikia tu. Njia iliyobaki ni kuwafundisha kuyasikiliza kwa akili iliyo macho, na mahali salama pa kujifunzia ni kitabuni.

Ebrahim Hussein alifanya hivyo katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969. Alichukua habari hii yetu, akabadili hata herufi za jina, akatujulisha kuwa mtu wake ni wa kubuniwa na si yule wa historia tupu. Kinjeketile wa jukwaani anaandamwa na shaka juu ya maji yake mwenyewe. Mtazamaji anakaa kitini salama, hakuna risasi, na anapata nafasi ya kujiuliza: ningekuwa mimi, ningeyanywa? Naye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika Mzimu wa Watu wa Kale kilichotoka mwaka 1960, alitupeleka kwenye mzimu, akatutia hofu, kisha akamleta Bwana Msa kutuonyesha kuwa nyuma ya mzimu ule ulikuwako mkono wa binadamu. Waandishi hawa hawakukimbia maajabu. Waliyaingia, wakatoka na nguo kavu.

Hii ndiyo tofauti ninayotaka muishike, vijana. Hadithi ya ajabu inakwambia tangu mwanzo kuwa ni hadithi. Jini wa kitabuni hakuombi fedha. Hakutaki uuze kitu wala kumdhuru mtu. Jini anayekuja mlangoni na bei mkononi, huyo si wa hadithi. Huyo ni biashara.

Nalijua hili kwa kuwa nililipia. Nilikuwa kijana, nimeajiriwa karani Dar es Salaam, nimeacha vitabu vya hadithi kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Nikampenda msichana mmoja, naye hakunitaka. Jamaa akanipeleka kwa mtu mmoja aliyesema anaweza kumgeuza moyo. Akanionyesha kioo, moshi, na sauti iliyotoka nyuma ya pazia. Nikauza baiskeli yangu. Nikaongeza na mshahara wa mwezi. Nikapewa unga katika karatasi, nikaambiwa ningoje siku 7. Siku ya 5 msichana akaolewa na fundi seremala, tena nilialikwa. (Chekeni tu, mke wangu yuko pale mbele, naye anacheka kuliko nyinyi nyote.)

Nilipokwenda kudai haki yangu, yule mtu aliniambia kuwa jini wake anataka mbuzi. Nikiwa nimesimama pale mlangoni, nikamkumbuka Huria. Huria alimwokoa Adili kwa sababu Adili alimwokoa kwanza, bila kujua ni nani na bila kutaka malipo. Nikajiambia: hata mtunzi wa hadithi, aliyekuwa na ruhusa ya kubuni lolote, hakuthubutu kutubunia jini anayemlazimisha binti kupenda! Mwelekevu alimpenda Adili kwa hiari yake. Nikageuka nikaenda zangu. Sikupata baiskeli, lakini mbuzi alinusurika.

Siwadanganyi kuwa mtu akisoma hawezi kudanganywa. Mimi nilikuwa nimesoma, na nilidanganywa. Lakini kilichonitoa pale mlangoni si hesabu wala jiografia, ingawa nilifaulu zote mbili. Ni kurasa nilizozisoma kwa kibatari, ambazo nilifundishwa kuzionea haya.

Wiki ile nilinunua nakala nyingine ya Adili na Nduguze, nikawa nakisoma kazini wakati wa chai. Karani mmoja wa kike akaniazima. Siku ya tatu akakirudisha na swali: "Kwa nini Adili analia akiwapiga, na kama analia, kwa nini asikatae kupiga?" Nikamjibu kuwa ameamriwa. Akasema amri si jibu. Tulibishana juu ya swali lile wiki nyingi. Mimi nilishika upande wa utii, yeye akashika upande wa huruma. Na mtakumbuka kuwa mwisho wa kitabu ni msamaha, basi alikuwa na haki. Hatujamaliza ubishi ule mpaka leo, ila tunauendeleza nyumbani kwetu, na watoto wameingia ndani yake. Ndugu Mwenyekiti, hiyo ndiyo dawa ya mapenzi pekee ninayoweza kuithibitisha: watu wawili, kitabu kimoja, na swali gumu.

Sasa niseme na kila kundi kidogo, kisha nikae.

Kwenu wanafunzi: msione haya. Someni Adili. Someni Kusadikika cha mwaka 1951, nchi iliyo angani ambayo mambo yake yanafanana mno na ya ardhini. Mkipata nguvu, ingieni kwa Euphrase Kezilahabi katika Nagona cha 1990 na Mzingile cha 1991. Ni vigumu, mtapotea, lakini kupotea humo ni sehemu ya safari. Someni Babu Alipofufuka cha Said Ahmed Mohamed, cha mwaka 2001, mwone mzuka anavyoweza kumhoji mtu mwenye madaraka. Na mkiwa na simu zinazowaletea hadithi za mapenzi na uchawi kila jioni, sitawakataza. Nawaomba tu muulize maswali matatu. Anayependwa, je, amepewa nafasi ya kukataa? Ajabu hii, ni nani anayefaidika nayo? Na nikifunga hadithi hii, je, nitamtazama jirani yangu kwa huruma zaidi au pungufu?

Kwenu walimu: mnapomkuta mtoto na kitabu cha hadithi wakati usio wake, kichukueni, ni haki yenu. Lakini mrudishieni Jumamosi, na mumuulize kilichomo. Huenda mkasikia jambo.

Kwetu sisi wa zamani: kila mwaka tunakuja hapa, tunakula pilau, tunapiga picha, tunaondoka. Mwaka huu nimekuja na sanduku. Ni la mbao, lina kufuli, na ndani yake mna vitabu 23 vya hadithi, vingine vimechakaa kidogo kwa kusomwa. Namwomba Mwalimu Mkuu alipokee. Nawaomba wenzangu, kila atakayekuja mwakani aje na kitabu kimoja mkononi, kisiwe cha mtihani. Funguo zikae kwa wanafunzi wenyewe, na wachague mtunzaji wao.

Juu kabisa ya vitabu vile nimeweka nakala ile niliyonunua baada ya kuuza baiskeli. Ukurasa wa ndani una mwandiko wa mke wangu, lile swali lake. Jibu sijaliandika. Nimeacha nafasi.